Nat Hentoff, mwandishi wa jazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nat Hentoff alikuwa nani?

Ni mwandishi wa habari wa Marekani aliyekula kwa kalamu kwa zaidi ya miaka 60. Alizaliwa Boston tarehe 10 Juni 1925, akafariki New York tarehe 7 Januari 2017. Ukinunua santuri ya jazi ya miaka ya 1950 au 1960 na kuigeuza nyuma ya jalada, kuna uwezekano mkubwa utakuta maelezo yenye jina lake chini. Jazi inayozungumzwa hapa ni ile ya Louis Armstrong, Duke Ellington na Miles Davis, si dansi la Tabora Jazz au Nuta Jazz.

Wengine wanamjua kwa jambo jingine kabisa: mtetezi mkaidi wa uhuru wa kusema, aliyegombana na kila upande. Ni mtu yuleyule, na pande hizo mbili hazitenganishwi kirahisi.

Aliingiaje kwenye jazi? Alitoka familia ya wanamuziki?

Hapana. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wahamiaji kutoka Urusi, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kuzunguka. Walikaa Roxbury, mtaa wa Boston ambako enzi hizo kijana wa Kiyahudi akitembea peke yake usiku aliweza kurudi nyumbani bila meno. Akiwa bado kijana alifanya kazi chini ya Frances Sweeney, Mkatoliki mwenye asili ya Ireland aliyekuwa mhariri wa kijarida cha Boston City Reporter na aliyeandika waziwazi dhidi ya chuki kwa Wayahudi. Hentoff alimtaja maisha yake yote kama mwalimu wake wa kwanza wa uandishi.

Muziki ulimkuta njiani. Akiwa na miaka kama 11 alipita mbele ya duka la santuri akasikia "Nightmare" ya mpiga klarineti Artie Shaw ikipigwa ndani. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipiga kelele palepale barabarani. Baadaye alieleza kwamba klarineti ile ilimkumbusha kilio cha mwimbaji wa sinagogi. Alijifunza klarineti yeye pia, lakini riziki yake ilikuja kutoka kwenye taipureta.

Alisomea wapi uandishi?

Vyeti vyake vilitoka Boston Latin School, kisha Northeastern University alikomaliza mwaka 1946, halafu masomo zaidi Harvard na mwaka mmoja Sorbonne, Paris, kwa ufadhili wa Fulbright. Huko Northeastern alikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi. Uongozi wa chuo ulipotaka gazeti liache kuchimba mambo yasiyowapendeza wakubwa, aliondoka. Mtu angedhani hiyo ni jeuri ya ujana tu, ila kwake ilibaki tabia.

Shule yenyewe ilikuwa kwingine. Ilikuwa redio ya WMEX, ambako alitangaza kipindi cha jazi tangu miaka ya 1940, na klabu za Boston kama Savoy Café na Storyville. Alikaa na wanamuziki baada ya onyesho, wakila na kubishana, naye akisikiliza. Jo Jones, mpiga dramu wa bendi ya Count Basie, alikuwa mmoja wa waliomchukulia kama kijana wa kulelewa. Ndiyo maana wengi walimfungulia mdomo baadaye: walimjua tangu akiwa hana gazeti la kuwapamba.

Je, alikuwa mhakiki au mwandishi wa habari tu?

Swali zuri, na jibu langu huwaudhi wanaompenda kupita kiasi. Kama unatafuta mtu wa kukuchambulia kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) baada ya kodi, noti baada ya noti, Hentoff si wako. Mhakiki Martin Williams alikuwa na sikio kali zaidi la uchambuzi. Whitney Balliett wa jarida la The New Yorker aliweza kuieleza solo moja ya tarumbeta hadi ukadhani umeisikia. Hentoff alijua mahali ambapo hao wawili hawakufika mara kwa mara: aliuliza swali, akanyamaza, akaandika alichojibiwa.

Chukua mahojiano yake na Miles Davis yaliyochapishwa Desemba 1958. Mbinu yake ilikuwa nyepesi: alimpigia Miles santuri mbalimbali na kuandika aliyosema. Katikati ya maoni hayo, Miles anaeleza kwamba anaona jazi ikianza kuacha ule msururu wa kodi nyingi na kurudi kwenye melodi; kodi zitakuwa chache lakini ya kufanya nazo hayatakwisha. Miezi michache baadaye, Machi na Aprili 1959, aliingia studio kurekodi Kind of Blue. Yaani ramani ya santuri maarufu kuliko zote za jazi ilikuwa imeshachapishwa, na aliyeichapisha hakuongeza neno la kujionyesha.

Kitabu chake cha kwanza kikubwa, Hear Me Talkin' to Ya cha mwaka 1955, alichokihariri pamoja na Nat Shapiro, kimejengwa hivyohivyo. Ni historia ya jazi kutoka New Orleans hadi wakati wao, na karibu yote imo katika maneno ya wanamuziki wenyewe, kipande kwa kipande. Wahariri wamejificha. Kwa wakati ule, ambapo wasomi walikuwa wakiandika juu ya wanamuziki weusi kana kwamba hawapo chumbani, huo ulikuwa msimamo.

Ni kweli alifukuzwa DownBeat?

Ndiyo. DownBeat lilikuwa jarida kubwa la jazi lenye makao Chicago, na Hentoff aliendesha ofisi yake ya New York kuanzia 1953 hadi 1957. Kwa maelezo yake, aliondolewa kwa sababu alijaribu kuajiri mtu mweusi bila kuomba ruhusa makao makuu. Alikuwa ameshalalamika mara nyingi kwamba jarida linaishi kwa muziki wa watu weusi huku ofisini hakuna hata mmoja wao.

Kufukuzwa huko kulimnufaisha. Mwaka uliofuata yeye na Martin Williams walianzisha The Jazz Review, jarida dogo lililodumu hadi 1961. Halikuwa na matangazo mengi wala picha za kuvutia, lakini toleo la kwanza, la Novemba 1958, lilibeba makala ya Gunther Schuller kuhusu namna mpiga saksafoni Sonny Rollins anavyojenga solo. Makala hiyo inasomwa vyuoni hadi leo. Mwaka 1959 likachapisha uchambuzi wa mpiga piano Zita Carno juu ya mpiga saksafoni John Coltrane, wakati Coltrane bado anaitwa mpiga kelele na wengi.

The Sound of Jazz ni nini, na yeye alihusikaje?

Ni kipindi cha televisheni cha saa moja kilichorushwa moja kwa moja na CBS Jumapili tarehe 8 Desemba 1957. Mtayarishaji Robert Herridge aliwapa Hentoff na Balliett kazi ya kuchagua wanamuziki, akawaachia. Wakawaleta Count Basie, Thelonious Monk, Coleman Hawkins, Ben Webster, Lester Young, Gerry Mulligan, Roy Eldridge, Billie Holiday na wengine. Hakuna aliyevishwa suti ya maonyesho. Watu walikuja na kofia zao, sigara zao, na kamera zinaonekana zikipita. Ukikitazama leo kinaonekana cha kisasa kuliko vipindi vingi vya muziki vilivyokuja baadaye.

Nyuma ya pazia hali haikuwa shwari. Hentoff alisimulia kwamba ujumbe ulifika kutoka upande wa wafadhili: haifai kumwingiza kwenye nyumba za Wamarekani, tena siku ya Jumapili, mtu aliyewahi kufungwa kwa dawa za kulevya. Aliyekusudiwa ni Billie Holiday. Jibu lilikuwa kwamba akiondolewa yeye, Herridge, Balliett na Hentoff wanaondoka pia. Hakuondolewa. Kisha Billie mwenyewe akaja juu, maana alikuwa amenunua gauni la gharama kwa ajili ya siku ile, na sasa anaambiwa avae nguo za kawaida kama wenzake. Aliyemwagiwa matusi ni Hentoff.

Halafu kuna Lester Young. Alikuwa mgonjwa kiasi kwamba sehemu zake na bendi kubwa zilichukuliwa na Ben Webster. Aliambiwa apige kwenye wimbo mmoja tu, "Fine and Mellow" wa Billie, na kama hawezi kusimama apige ameketi. Zamu yake ilipofika alisimama. Alipiga bluzi fupi, polepole, noti chache, bila pambo hata moja. Tazama uso wa Billie wakati huo: anatikisa kichwa kidogo, anatabasamu, kama mtu anayesikia habari za zamani anazozijua yeye na mwenzake tu. Walikuwa marafiki wakubwa tangu miaka ya 1930, kisha wakaachana njia. Hentoff alikuwa chumba cha uongozaji, na alisema waliokuwamo walitokwa na machozi. Baada ya kipindi Billie akaja kumbusu, na yeye alihesabu busu lile kuwa tuzo kubwa kuliko zote alizopata.

Lester alifariki Machi 1959, Billie Julai mwaka huohuo.

Mbona mwandishi wa habari akaanza kutengeneza santuri?

Mwaka 1960 Archie Bleyer, mwenye kampuni ya santuri ya Cadence, alifungua lebo ya jazi iliyoitwa Candid na kumpa Hentoff uhuru wa kuchagua wa kurekodi. Lebo ilidumu hadi 1961 tu, lakini aliyoyafanya humo ni mengi kuliko ya watu waliokaa studio miaka 20. Falsafa yake ilikuwa ya mtu mvivu kwa sifa: chagua mwanamuziki sahihi, kisha kaa kando.

Oktoba 1960 mpiga besi Charles Mingus aliingia studio na Eric Dolphy, Ted Curson na Dannie Richmond. Hapakuwa na piano. Mingus akaamua wajifanye wako klabuni. Taa zikapunguzwa, naye akawa anatangaza nyimbo na kuwaomba wateja ambao hawapo wasigongeshe barafu kwenye glasi wala kuliza kengele ya mashine ya pesa. Ndani ya santuri hiyo kuna "Original Faubus Fables", wimbo wa kumkejeli Orval Faubus, gavana wa Arkansas aliyewazuia wanafunzi weusi kuingia shule Little Rock mwaka 1957. Mwaka 1959 wimbo huohuo ulikuwa umetoka kwa Columbia, lakini bila maneno. Candid iliyaacha maneno yote, matusi yake yakiwemo.

Kabla ya hapo, Agosti na Septemba 1960, ilirekodiwa We Insist! ya mpiga dramu Max Roach, ambayo jalada lake lina picha ya vijana weusi wamekaa kwenye kaunta ya mgahawa wasikotakiwa kukaa. Abbey Lincoln anaimba, na katika sehemu moja haimbi tena: anapiga mayowe. Coleman Hawkins, mzee wa saksafoni, akakwama kidogo kwenye solo ya "Driva' Man", sauti ikalia vibaya. Studio ilitaka kurekebisha. Kwa maelezo ya Hentoff, Hawkins alikataa, akasema kazi kama hii ikiwa safi kabisa basi kuna kitu kina kasoro. Ikabaki ilivyo. Isikilize, kosa lenyewe lipo.

Santuri hiyo ina uhusiano gani na Afrika?

Wa moja kwa moja. Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa Afrika Kusini waliua watu 69 Sharpeville, na wimbo wa mwisho wa We Insist! unaitwa "Tears for Johannesburg". Kabla yake kuna "All Africa", ambamo Mnigeria Michael Olatunji anajibizana na Abbey Lincoln kwa ngoma na sauti. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku.

Hapa nitatoka nje ya mada kidogo, kwa sababu msomaji wa Kiswahili atanisamehe. Novemba 1960, mji uleule wa New York, mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika. Max Roach na Olatunji wamo humo pia, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasikika akighani kwa Kiswahili, mwaka mzima na zaidi kabla Tanganyika haijapata uhuru. Hiyo haikuwa kazi ya Hentoff wala ya Candid. Ila nayo ilipigwa marufuku Afrika Kusini, na ukisikiliza mbili hizo kwa mfuatano utaelewa ni hewa gani wanamuziki wale walikuwa wakivuta msimu ule.

Kuandika juu ya watu unaowarekodi si mgongano wa maslahi?

Ni mgongano, na hakuna haja ya kuupaka sukari. Maelezo ya nyuma ya jalada yalilipwa na kampuni za santuri. Hentoff aliandika mengi mno: Giant Steps ya Coltrane, Something Else!!!! ya Ornette Coleman, Sketches of Spain ya Miles, hata The Freewheelin' Bob Dylan ya mwaka 1963. Huwezi kutarajia maelezo ya namna hiyo yaseme santuri ni mbaya. Kuna yanayosomeka kama yameandikwa usiku mmoja kabla ya mtambo wa uchapaji kuwashwa.

Kinachomtetea ni kwamba hata kwenye kazi hizo za kulipwa alimpa mwanamuziki nafasi ya kuzungumza. Maelezo yake ya Coltrane yana maneno ya Coltrane. Leo wanahistoria wanayanukuu kwa sababu hiyo, wakiyaruka masifa.

Mgongano huohuo ulimfikisha mezani mwaka 1962. Mhakiki Ira Gitler alikuwa ameiponda Straight Ahead ya Abbey Lincoln, santuri ya Candid, akimshutumu kwamba anaufanya weusi wake kuwa taaluma. DownBeat likaitisha mjadala juu ya ubaguzi katika jazi, likawakalisha pamoja Gitler, Lincoln, Max Roach na wengine, Hentoff akiwemo. Mjadala ulichapishwa. Unasomeka kama ugomvi wa ndugu kwenye msiba, kila mtu akitoa ya moyoni.

Nasikia aliacha jazi akaingia siasa. Ni kweli?

Hakuiacha, ila alichoka kuitwa mtu wa jazi tu. Mwaka 1958 alikubali kuandikia The Village Voice, gazeti la New York, mwanzoni bila malipo, kwa sharti kwamba aandike juu ya chochote isipokuwa jazi. Akabaki miaka 50. Aliandika kuhusu shule, polisi, mahakama, hukumu ya kifo, na zaidi ya yote ile ibara ya kwanza ya marekebisho ya katiba ya Marekani inayolinda uhuru wa kusema. Kwa The New Yorker aliandika makala ndefu, ikiwemo ile ya Oktoba 1964 kuhusu Bob Dylan.

Kwa nini wenzake wengi walimkasirikia?

Kwa sababu hakuwa na upande wa kudumu. Alitetea haki ya Wanazi mamboleo kuandamana Skokie, mji wenye Wayahudi wengi walionusurika mauaji ya Wanazi Ulaya. Mwaka 1982 alisaini tangazo la kupinga uvamizi wa Israel nchini Lebanon, na marabi watatu wakajikusanya kutangaza kumtenga na Uyahudi. Alicheka, alikuwa hamwamini Mungu tangu zamani. Halafu miaka hiyohiyo ya 1980 akaanza kupinga utoaji mimba, yeye akiwa kwenye gazeti la mrengo wa kushoto mtaani Greenwich Village. Baadhi ya wafanyakazi wenzake waliacha kumsalimia. Mwaka 2003 akaunga mkono vita vya Iraq, na hapo akawapoteza hata waliokuwa wamebaki.

Mimi siafikiani naye kwenye mengi ya haya. Lakini ukisoma mfululizo wa safu zake unaona mtu anayefikiri kwa kichwa chake, si mtu anayetafuta makofi.

Ilikuwaje mwishoni kwenye The Village Voice?

Walimpunguza tarehe 31 Desemba 2008, akiwa na miaka 83. Aliendelea kuandika: jazi kwa The Wall Street Journal na JazzTimes, siasa kupitia Cato Institute, taasisi ya Marekani inayotetea uhuru wa mtu binafsi.

Alipata tuzo?

Kadhaa. Kubwa kwenye muziki ni ile ya NEA Jazz Masters ya mwaka 2004, ambayo serikali ya Marekani huwapa magwiji wa jazi. Yeye alikuwa mtu wa kwanza asiye mwanamuziki kuipata.

Alifariki vipi?

Kwa uzee, nyumbani kwake Manhattan, akiwa na familia yake. Mwanawe Nick aliandika kwenye Twitter kwamba baba alikuwa akisikiliza Billie Holiday.

Sijawahi kusikiliza jazi. Nianzie wapi ili nimwelewe mtu huyu?

Anza na video ya "Fine and Mellow" kutoka The Sound of Jazz. Ipo kwenye YouTube na haifiki dakika 10. Kisha We Insist! yote kwa mpangilio wake, usiruke sehemu ya mayowe. Ukiwa na nafasi, Charles Mingus Presents Charles Mingus, ile santuri ya klabu ya kujifanya.

Kwa vitabu, Hear Me Talkin' to Ya ndicho cha kwanza, na unaweza kukifungua ukurasa wowote. Boston Boy ya mwaka 1986 ni kumbukumbu za utoto wake. Sura za klabu na za Frances Sweeney ni nzuri kuliko za siasa. Kama una kijana nyumbani anayejifunza ala, mtafutie Jazz Country ya mwaka 1965, riwaya ya kijana mweupe anayetaka kupiga tarumbeta ya jazi na kuambiwa ukweli na watu weusi wanaoujua muziki huo. Kiingereza chake ni chepesi, mwanafunzi wa sekondari anakimudu bila kamusi.